Kijiti Hakina Mizizi: Kinajua Namna Gani Kuwa Mhogo? Somo juu ya seli na mbegu tunazochagua



Somo la mara hii halikutoka katika vitabu vyetu, lilitoka kwenu. Tulikuwa katika shamba-shule, si mbali na Kalemie, tunakata vijiti vya mihogo pamoja. Mama mmoja akainua kijiti akatuuliza: «Bwana agronomu, hii muti haina mizizi, haina majani. Tunaichimbiaka mu bulongo, kiisha mwezi moja iko na vyote viwili. Inajuaka namna gani?»

Kabla hatujafungua kinywa, papa mmoja mzee akaongeza lake: «Na mimi niko na ulizo. Mzizi wenyewe wa mhogo, ule tunakula, tukiuchimbia unaoza tu, hauoti. Juu ya nini mti unaota, na mzizi unakataa?»

Siku ile tulijibu kwamba ni nguvu ambayo mimea inayo. Watu wakaitikia kwa adabu, lakini tuliporudi tuliona kwamba hilo halikuwa jibu. Tena maulizo haya mawili si ya kuchezea. Watu wengi wa Tanganyika walikimbia vijiji vyao miaka ya 2016 na 2017, mashamba yakageuka pori. Waliporudi, mbegu ya kwanza waliyotafuta ni kijiti cha mhogo na mtoto wa mgomba, kwa jirani au kando ya barabara. Ndani ya kijiti kile kulikuwa na chakula cha mwaka mzima, au hasara ya mwaka mzima. Ili kujua ni kipi kati ya hivyo viwili, tunahitaji kuingia ndani ya mti wenyewe. Basi twende pole pole.

1. Seli: tofali iliyo hai

Kila kitu chenye uhai, mhogo, mbuzi, samaki wa ziwani, mimi na wewe, kimejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Mtu wa kwanza kuvipa jina hilo ni Mwingereza Robert Hooke, mwaka 1665. Alitazama kipande chembamba cha gome la mti kwa darubini ya kukuza vitu vidogo, akaona vyumba vilivyopangwa kama sega la nyuki. Jicho tupu halivioni. Ukipanga seli mia moja za ncha ya mzizi kwa mstari, mstari huo unafika milimita moja au mbili tu.

Tunasema tofali, lakini tofali ya nyumba yako haili, hainywi, haizai. Seli inafanya vyote vitatu. Ina ngozi yake inayochagua kitu gani kiingie na kitu gani kitoke. Seli ya mmea ina pia ukuta mgumu kwa nje, njo maana mti unasimama bila mifupa. Na ndani kuna chumba cha kati, kinaitwa kiini, ambamo kunatunzwa kitabu cha maagizo yote ya mti ule: namna ya kutengeneza jani, mzizi, ua, wanga, hata uchungu wa mihogo michungu. Kitabu hicho wataalamu wanakiita ADN. Kimefungwa katika vifurushi vinavyoitwa kromozomu. Mhindi una kromozomu 20, mhogo 36, mtu 46.

2. Seli moja inagawanyika kuwa mbili

Mwaka 1855 daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliandika jambo ambalo hadi leo halijapingwa: kila seli inatoka katika seli nyingine. Seli haiumbwi na mbolea wala na mvua. Mbolea na mvua vinaipa chakula tu, na seli yenyewe njo inazaa.

Inazaa ginsi hii. Kwanza inakula na kunenepa. Halafu inanakili kitabu chote, ukurasa kwa ukurasa, hadi kuwe na vitabu viwili vinavyofanana. Kiisha kromozomu zinajipanga katikati ya seli, kama watu kwenye mstari wa kugawa mbegu. Nyuzi nyembamba zinazivuta, nakala moja upande huu, nakala moja upande ule. Mwishoni, katika mmea, ukuta mpya unajengwa katikati. Chumba kimoja kimekuwa viwili, na kila kimoja kina kitabu kamili. Katika ncha ya mzizi wa kitunguu, kazi hii yote inachukua karibu siku moja.

Hesabu yake inashangaza. Moja inazaa mbili, mbili zinazaa nne, nne nane. Zikigawanyika mara kumi, mko na seli 1.024. Mara ishirini, zimepita milioni moja. Njo maana shamba mlilopalilia Jumatatu linaonekana lingine Jumatatu ya pili.

Shika neno moja hapa, juu tutalirudia: seli inapogawanyika inatoa nakala. Ikiwa mama ni mzima, watoto ni wazima. Ikiwa mama amebeba virusi ndani yake, watoto wanarithi virusi pamoja na kitabu.

3. Kitabu kimoja, kazi nyingi

Sasa tuulize: ikiwa kila seli ina kitabu kilekile, kwa nini jani si mzizi?

Fikirini koperative yenu. Sheria za ndani ni moja, na kila mwanamemba ana haki ya kuzisoma zote. Lakini mtunza-hazina anasoma ukurasa wa pesa kila wiki, mlinzi wa gala anasoma ukurasa wa gala, na kila mtu anajua kazi yake. Seli zinafanya vivyo hivyo. Zote zina kitabu kizima, lakini kila moja inafungua kurasa zake na kufunga zingine. Hapo njo tunasema seli imeshika kazi.

Seli zenye kazi moja zikikaa pamoja, zinakuwa tishu. Tishu kadhaa zikishirikiana, zinakuwa kiungo: jani, mzizi, shina. Tutazame tishu za mhogo, kwa sababu mnazigusa kila siku.

Ngozi ya jani: seli bapa, zimebanana ili maji yasitoroke. Kati yake kuna vidomo vidogo vinavyofunguka na kufunga, mti unavutia hewa hapo. Jua likikaza sana, vinafunga.

Mabomba ya kupandisha maji: seli hizi zina kazi ya ajabu. Zinajijenga ndefu, zinaimarisha ukuta, halafu zinakufa na kubaki tupu ndani. Maji yanapanda ndani ya maiti zao. Mbao ya mlango wako karibu yote ni seli za namna hiyo.

Mabomba ya kushusha chakula: haya yanakaa upande wa gome na yangali hai. Yanabeba sukari kutoka majani hadi mizizi.

Gala: ndani ya mzizi wa mhogo, seli nyingi zinajazwa wanga. Unaposonga bukari, unasonga akiba ya seli hizo.

Na kuna tishu ya tano ambayo haikushika kazi yoyote isipokuwa moja: kugawanyika. Inaitwa meristemu. Hawa ni kama watoto wa kijiji, bado hawajachagua kazi, na kwa hiyo wanaweza kuwa kitu chochote. Meristemu inakaa kwenye ncha ya kila tawi, kwenye ncha ya kila mzizi, na ndani ya kila jicho la mti. Katika miti mingi, kama mwembe na mhogo, iko pia kati ya gome na mbao, duara nyembamba inayoteleza ukiondoa gome. Hiyo inaitwa kambiumu, na njo inayonenepesha mti.

Ukijua meristemu inakaa wapi, unaelewa mambo mengi ambayo wazee walijua kwa macho:

— Mbuzi akila mahindi machanga ya wiki mbili au tatu, yanaweza kurudi, kwa sababu ncha ya kukua ingali chini ya udongo. Kiwavi akiingia hadi katika moyo wa mhindi na kukata ncha ile, mmea huo umekwisha.

— Mgazi hauna kambiumu, na una ncha moja tu, ile ya juu. Ukikata kichwa cha mgazi, umeua mti mzima. Mwembe ukikatwa kichwa unatoa matawi.

— Mwembe ukichunwa gome kuzunguka shina lote, unakufa pole pole. Maji yangali yanapanda, lakini sukari haishuki tena, na mizizi inakufa njaa.

— Ukitaka kupandikiza mwembe mzuri juu ya mwembe wa kienyeji, kambiumu sherti iguse kambiumu. Zisipogusana, kipande kinakauka hata ukifunga vizuri namna gani.

4. Wanyama je?

Tusikae sana hapa, lakini linganisho linasaidia. Kifaranga pia kinaanza kama seli moja, juu ya kiini cha yai lililopandwa na jogoo. Inagawanyika, makundi yanashika kazi. Kabla ya siku tatu za kulaliwa kwisha, moyo umekwisha kuanza kupiga. Siku ya 21 kifaranga kinatoka. Na kwako mwenyewe, ukijikata na panga, seli za ngozi zinagawanyika hadi kidonda kifunge.

Tofauti ni hii: seli ya mnyama ikishika kazi, kwa kawaida haiwezi kurudi nyuma. Ukikata sikio la mbuzi na kulichimbia, haliwezi kuota mbuzi. Seli nyingi za mimea zilizo hai zinaweza kurudi utotoni, kugawanyika upya, na kushika kazi nyingine. Mwaka 1958 kundi la profesa Frederick Steward, huko Marekani, lilichukua seli za mzizi wa karoti uliokomaa, likazilea katika maji yenye chakula, na zikatoa karoti kamili yenye mizizi na majani. Kitabu chote kilikuwa kingali mle ndani.

5. Sasa tumjibu mama

Unapokata kijiti cha mhogo, seli zilizo karibu na kidonda zinaamka. Zinaacha kazi yake ya zamani, zinaanza kugawanyika, zinafanya kovu jeupe. Ndani ya kovu hilo, na karibu na macho ya kijiti, vikundi vya seli vinajipanga kuwa ncha za mizizi. Kwa upande wa juu, kila jicho lilikuwa tayari na meristemu ndani yake, iliyolala. Inaamka na kutoa tawi. Chakula cha kazi yote hii kinatoka katika akiba ya kijiti chenyewe, kwa sababu majani bado hayajakuwapo.

Kijiti kinajua namna gani upande wa chini? Katika mmea kuna ujumbe unaoitwa oksini. Unatengenezwa hasa katika ncha changa za juu na unashuka. Ukifika kwenye kidonda cha chini unakusanyika, na pahali unapokusanyika seli zinapokea agizo: toeni mizizi. Ujumbe huo unafuata njia yake hata ukigeuza kijiti kichwa chini. Njo maana kijiti kilichopandwa kichwa chini kinasumbuka na kuchelewa. Macho yatazame juu.

Na papa? Mzizi wa mhogo ni gala, na gala halina jicho hata moja. Seli zake zimejaa wanga, hakuna meristemu ya kutoa tawi, basi udongo unauozesha. Kiazi cha Kizungu ni tofauti: kinaishi chini ya udongo, lakini kwa kweli ni shina lililonenepa, na vile vishimo vyake ni macho ya kweli. Kwa hiyo, papa, mzizi haukatai. Hauna kitu cha kuotesha.

Kutoka hapa, sheria za kukata kijiti zinajieleza zenyewe:

Chukua sehemu ya katikati ya shina, kwenye mmea wa miezi 8 hadi 18. Ncha ya juu ingali kijani, haina akiba, inakauka haraka. Chini kabisa kumejaa seli zilizokufa, macho yamechoka.

Pima kwa macho: kata shina, tazama kiini cheupe laini cha katikati. Kisipite nusu ya upana wa shina. Kikipita, mti bado mchanga.

Kata urefu wa sentimita 20 hadi 25, wenye macho 5 hadi 7, kwa panga kali. Panga butu linapasua, na seli zilizopondwa hazifanyi kovu, zinaoza.

Ikiwa mvua imechelewa, simamisha mashina marefu kivulini, chini yakiwa ndani ya udongo wenye unyevu kidogo. Usikate vipande vifupi hadi siku ya kupanda.

6. Virusi: mgeni anayenakiliwa nasi

Rudini kwenye neno letu: nakala.

Virusi vya mozaiki ya mihogo vinaletwa na nzi mweupe mdogo anayekaa chini ya jani. Lakini njia ya pili, ile inayotuvunja zaidi, ni mikono yetu. Virusi havina nguvu ya kuzaa peke yake. Vinaingia ndani ya seli na kuilazimisha seli itengeneze virusi vingine. Vinapita seli hadi seli, vinaingia katika mabomba ya sukari, vinasambaa mti mzima. Kijiti cha mti ule ni mti uleule, na ugonjwa uleule. Hakuna dawa ya duka inayovitoa. Tena mmea uliozaliwa na virusi unapata hasara kuliko ule ulioambukizwa ukiwa mkubwa, kwa sababu wa kwanza haukupata hata mwezi moja wa afya.

Alama za mozaiki mnazijua: majani yana mabaka ya njano na kijani, yamekunjamana, yamekuwa madogo. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunatafuta vijiti kiangazi, wakati majani yamekwisha kuanguka. Shina bila jani haliseme kitu. Kwa hiyo chagueni mbegu mapema. Mwezi wa tatu na wa nne, majani yangali mengi, pitieni shamba pamoja, mstari kwa mstari. Mmea mzuri, usio na baka, wenye nguvu, mfungieni kipande cha nguo. Mwezi wa kumi mvua ikianza, mnakata pahali penye nguo tu.

Kuna ugonjwa wa pili katika mashariki ya Kongo: michirizi ya kahawia. Huu ni mwizi wa usiku. Majani yanaweza kuonekana karibu mazuri, lakini ndani ya mzizi kuna madoa ya kahawia, makavu, magumu, hata nguruwe anayaacha. Basi kabla ya kuchukua mbegu katika shamba la mtu, muombeni kung'oa mashina machache hapa na pale, mkate mizizi vipande vyembamba. Mkiona madoa, msichukue vijiti hata majani yakiwa mazuri namna gani. Na mkipewa vijiti na shirika, hata letu, mko na haki ya kuuliza: vimetoka shamba gani, nani alilikagua, lini?

INERA imetoa aina zinazovumilia mozaiki, kama Sawasawa na Liyayi. Ziombeni. Lakini kuvumilia mozaiki si kuvumilia kila kitu, ukaguzi unabaki.

7. Mgomba: kuamsha macho yaliyolala

Ndizi nyingi tunazokula zina kromozomu 33, yaani seti tatu za 11. Tatu haigawanyiki kwa mbili, kwa hiyo mgomba unashindwa kutengeneza mbegu za kweli. Unazaa kwa watoto wanaochipuka kwenye kitako chake. Kitako kina macho mengi, lakini ncha ya juu inatuma ujumbe unaoyalaza. Mkubwa akiwapo, wadogo wananyamaza. Mgomba mmoja unakupa watoto wachache tu kwa mwaka.

Huko Kameruni, katika kituo cha CARBAP, watafiti walitengeneza njia ambayo leo inaitwa PIF: kuondoa mkubwa ili wadogo waamke. Hatua ni hizi:

1. Chagua mtoto wa mgomba mwenye majani membamba kama upanga, kutoka shamba lenye afya. Ng'oa pamoja na kitako.

2. Menya kitako hadi kiwe cheupe, ondoa mizizi yote na udongo wote. Ukiona mashimo ya wadudu au rangi ya kahawia ndani, tupa.

3. Ondoa maganda ya nje moja moja, ukikata juu kidogo ya mstari ambapo ganda linashikamana na kitako. Jicho linakaa papo hapo kwenye mstari. Ukikata chini sana umelitoa.

4. Acha kivulini siku moja au mbili kidonda kikauke.

5. Kata msalaba katikati ya ncha ya juu, ili meristemu kubwa ife.

6. Laza kitako ndani ya unga wa mbao uliopikwa kwa mvuke katika pipa na kupoa. Mbao isiwe ya kutiwa dawa. Funika kisanduku kwa plastiki inayopitisha mwanga, chini ya kivuli, na kumwagilia ili pawe na joto na unyevu.

7. Baada ya wiki tatu hadi tano machipukizi yanatokea. Yakinenepa unaweza kuyakata msalaba nayo, na kila moja litatoa mengine pembeni.

8. Chipukizi lenye majani matatu na mizizi yake, lipeleke katika kifuko cha udongo mzuri, kivulini, kwa karibu miezi miwili, kabla ya shamba.

Kitako kimoja kinaweza kutoa miche kumi, ishirini, hata zaidi, kufuatana na aina ya ndizi na ustadi wa mikono.

8. Kosa letu

Hapa tunapaswa kuwaambia ukweli. Mwaka wetu wa kwanza wa PIF, tulichukua vitako katika shamba moja ambalo lilionekana zuri. Tulitazama mikungu, ilikuwa mikubwa. Hatukuzunguka shamba lote. Wamama wa koperative wakapika unga wa mbao, wakamwagilia kila asubuhi, tukapata miche zaidi ya mia mbili. Tulifurahi, tukapiga picha.

Baada ya wiki kadhaa katika vifuko, majani mapya yakaanza kutoka membamba, yamesimama wima, yamekusanyika juu kama ufagio. Chini ya jani, kwenye mshipa, kukawa na vidoti na vistari vya kijani kizito. Ilikuwa banchi topu, ugonjwa wa virusi unaobebwa na vidukari weusi, na ambao unaweza kukaa umefichama ndani ya mtoto kabla ya kuonekana. Hatukuwa tumezidisha ndizi. Tulikuwa tumezidisha ugonjwa. Tuling'oa miche yote na kuiteketeza mbele ya wamama wale waliobeba maji. Hakuna aliyetutukana. Mmoja tu alisema: «Basi mtufundishe kutazama, si kukata tu.»

Tangu siku ile tunafundisha kutazama kwanza. PIF haisafishi. Inaamsha seli zilizomo, na ikiwa seli zina virusi, inaamsha virusi vilevile. Hivyo pia kwa mnyauko wa bakteria, ule unaoivisha ndizi kabla ya wakati, unaozigeuza kahawia ndani, na kutoa maji ya njano mti ukikatwa. Huo unapita pia kwa panga. Panga lichomwe motoni au lioshwe kwa javeli kati ya mti na mti. Na ua lile linaloning'inia chini ya mkungu, livunjeni kwa kijiti chenye panda, bila kisu.

Je, kuna njia ya kusafisha? Iko, lakini haiko mikononi mwetu. Mwaka 1952, huko Ufaransa, Georges Morel na Claude Martin walikata ncha ndogo mno ya ua linaloitwa dahlia lililokuwa na virusi, wakailea katika chupa, na mmea ukatoka mzima. Ncha ile ni meristemu tupu. Mara nyingi mabomba yanayobeba virusi bado hayajafika pale. Leo maabara zinafanya hivyo kwa ndizi na mihogo. Ziko Bujumbura, kichwani mwa ziwa letu, na katika Kivu ya Kusini kuna vituo vya utafiti vya INERA Mulungu na IITA Kalambo. Mche wa maabara ni ghali kwa mlimaji mmoja. Kwa koperative, miche michache ya maabara iliyopandwa mbali na migomba ya zamani inaweza kuwa shamba-mama, na PIF ikazidisha kutoka hapo. Mjadiliane katika mkutano.

9. Zoezi la nyumbani

Loweka maharagwe usiku mmoja, yaweke ndani ya nguo yenye unyevu. Mzizi ukifika sentimita mbili, uchore vistari vya bike, kila milimita mbili, kutoka ncha hadi juu. Rudisha ndani ya nguo. Baada ya siku moja au mbili, tazameni na watoto: vistari vya juu vimebaki pahali pake, vile vya karibu na ncha vimeachana. Ncha njo inazaa seli, na nyuma yake kidogo seli zinajinyoosha. Juu zaidi, kwenye vinyweleo, zimekwisha kushika kazi ya kunywa maji.

10. Maulizo ya kikundi

Katika kikundi chetu, nani anachagua vijiti, na mwezi gani?

Shamba gani letu linaweza kutunzwa kuwa la mbegu tu, mbali na mashamba yenye mozaiki?

Mwaka jana tulipokea au kununua vijiti wapi? Nani aliyakagua mashamba yale?

Tumetenga pesa ngapi kwa javeli na kwa vifuko?

Mama aliyetuuliza kwanza, na papa aliyeuliza wa pili, tunawashukuru. Jibu limechelewa, lakini limefika kabla ya mvua. Nguo za kufungia mimea mizuri hazinunuliwi: pasueni kitambaa cha zamani, mwingie shambani wiki hii, wakati majani yangali yanasema.

Kazi njema, na mbegu safi.